Kungwi wa Malolo na brashi zilizooshwa

Saa mbili asubuhi, kibarazani kwake Malolo, wilayani Ruangwa, Mwamina Likwena anainua brashi laini yenye urefu wa kalamu. Wanawake kumi na mmoja walioacha palizi ya ufuta wanamtazama.

"Unaingiza, unazungusha mara tano, unatumbukiza kwenye kichupa, unafunga," anasema. "Kuosha je?"

"Hapana!" wanaitikia, kisha wanaangua kicheko.

Kicheko hicho kina kisa, nami sikukubali kuondoka bila kukijua.

Mwamina (58) ni kungwi. Karibu kila mwanamke hapa alichezwa unyago mikononi mwake. Ndiyo maana muuguzi Doreen Elineema alimwomba asaidie kugawa vipimo vipya vya saratani ya shingo ya kizazi, ambavyo mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe, nyuma ya pazia. Awali ilibidi apande kitandani mbele ya mhudumu asiyemjua. Wengi hawakwenda.

Sampuli arobaini za kwanza zilipelekwa maabara, Nachingwea. Tisa zilirudi na jibu la ajabu: brashi hazina hata chembe ya mwili ya kupima. Doreen alidhani wanawake hao hawakujipima. Mwamina alikataa katakata, akawapitia mmoja mmoja.

Zulfa, mama wa watoto watano, alimshangaa. "Bibi, nitampaje muuguzi kitu kimetoka huko bila kukiosha? Si aibu? Nilikiosha na sabuni, nikakianika."

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Mwamina. "Halafu nikaogopa. Usafi huo niliwafundisha mimi, unyagoni."

Wote tisa walirudia. Zulfa alikutwa na kirusi kinachosababisha saratani hiyo, na uchunguzi ukaonyesha mabadiliko kwenye shingo ya kizazi ambayo bado hayajawa saratani. Alitibiwa siku hiyohiyo kwa kifaa kidogo cha joto, akarudi nyumbani kupika.

"Sikuwa naumwa popote," anasema Zulfa. "Ningejuaje?"

Sasa Mwamina ana mpango. Kwenye unyago wa Juni anataka Doreen aingie ndani, awafundishe wasichana na mama zao kuhusu chanjo ya kirusi hicho na kipimo. Tatizo ni kwamba asiyechezwa haingii, na Doreen ni mgeni kutoka Singida.

"Nimemwambia, mwanangu, tutakucheza kwanza. Kakubali!"

Anacheka.

"Somo langu la usafi lilikaribia kumponza Zulfa. Sitaki kulifundisha tena peke yangu."