Mwalimu Kamili na Tangi la Shule

Wanafunzi ndio waliomwita Mwalimu Kamili, kwa sababu kila kazi waliyompelekea aliigeuza juu chini, akabetua midomo, akasema, "Bado. Kazi iwe kamili." Alifundisha sayansi, na kwa miaka mingi meza ya mbele siku ya wazazi ilikuwa yake: moyo wa boksi unaosukuma maji mekundu kwenye mipira, mapafu ya maputo, mlima wa udongo unaotoa povu. Wazazi walipiga makofi, Mwalimu Mkuu alipiga picha, na watoto walisimama nyuma ya meza wamenyooka, maelezo wameyakariri. Kwamba moyo ule uliunganishwa nyumbani kwake, mumewe fundi cherehani akishika mkasi na yeye akishika gundi, halikuwa jambo la siri sana. Watoto wangeuharibu, alisema. Alisema kweli, maana moyo wa kwanza waliuharibu.

Kisha akaja mwalimu mwingine, mwanamke mdogo mwenye raba miguuni na begi la mgongoni kama mwanafunzi. Mwalimu Mkuu alimtambulisha ofisini kwa kusema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na tangu hapo jina likamganda: Mwalimu Mgeni. Wenyeji wengine huenda walipona. Mwalimu Kamili aliugua.

Mgeni alipewa darasa la sita, na humo ndimo alimokuwa binti wa mwisho wa Mwalimu Kamili. Badala ya kuwapa watoto kitu cha kujenga, aliwavusha barabara hadi zahanati akawaambia wamuulize muuguzi ni jambo gani linamsumbua kila siku. Muuguzi akasema wazee wanapotea. Mtu anataka dawa, anajikuta kwenye foleni ya sindano. Basi watoto wakakaa kwenye mabenchi wakitazama watu wanapotelea wapi. Wakachora mishale, wakaibandika, na wazee wakaendelea kupotea vilevile, kwa kuwa mishale ilikuwa juu mno na mzee hutazama anapokanyaga. Wakarudi, wakaishusha, wakabadilisha rangi. Mwisho wa muhula muuguzi alivuka barabara mwenyewe kuja kuomba mishale ibaki palepale.

"Mishale yenyewe imepinda," Mwalimu Kamili alimwambia mwalimu wa hesabu. "Hata rula hawakutumia."

"Lakini wazee hawapotei," mwalimu wa hesabu akajibu, akaendelea na chai yake.

Ingekuwa ni wivu wa kazi peke yake, ungepita kama mafua. Tatizo lilikuwa yule binti. Nyumbani alikuwa mtu wa "ndiyo mama", "hapana mama" na "sijui". Ukimuuliza shule ilikuwaje, anakujibu "nzuri" na mlango wa maongezi unafungwa hapo. Muhula ule alifunguka. Mezani alieleza habari za foleni, za mzee aliyeshika mshale akidhani ni kitasa, za namna ya kumuuliza mtu bila kumtia jibu mdomoni, na kila baada ya sentensi mbili ilikuja "Mwalimu amesema". Mwalimu! Utadhani mle ndani hamkuwa na mwalimu mwingine anayepitisha mboga.

"Huyu mtoto nani amemfungua mdomo?" baba mtu aliuliza akicheka.

Mama mtu aliinuka akaenda kuosha sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia chakula. Roho ilimuuma. Na usidhani ni ule wivu mwepesi wa kutamani kiatu cha jirani. Ulikuwa ule mchafu, wa kumwombea mwenzako ateguke mguu kwenye ngazi. Yeye ndiye aliyezaa, yeye ndiye aliyemshika mkono mtoto akaandika jina lake kwa mara ya kwanza, halafu macho yale yanang'aa kwa ajili ya mtu aliyekuja juzi na raba.

Muhula uliofuata Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba kila darasa litafanya mradi juu ya tatizo la kweli, na walimu watabadilishana madarasa ili wajifunze. Mgeni alipelekwa la tano. La sita likaangukia mikononi mwa Mwalimu Kamili. Siku ile alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyeokota kitu. Hakutaka cheo wala picha. Alitaka siku moja tu mtoto wake akae mezani, ameze tonge, aanze, "Mama amesema."

Sasa, tatizo la kweli lilipatikana wapi? Si kwamba shule ilikosa matatizo. Choo kilinuka, paa la stoo lilivuja, darasa la kwanza walipigana kila mapumziko. Lakini nani alijua mwisho wa mambo hayo? Mwalimu Kamili hakuwahi maishani mwake kuingia darasani na swali ambalo jibu lake hakulala nalo. Alitaka tatizo la kweli, ila liwe safi, lenye mwanzo na mwisho, la kutosha wiki mbili. Na mtu akikosa kitu cha namna hiyo dukani, hukitengeneza nyumbani.

Nyuma ya bustani ya shule, ndani ya uzio wenye geti dogo, kulikuwa na koki ya kumwagilia miche, iliyounganishwa na tangi la maji la shule. Ufunguo wa geti ulining'inia ofisini. Mwalimu Kamili akawa anawahi shuleni kabla ya kengele, anafungua koki ile kidogo, maji yanaingia mtaroni bila kelele, na kabla ya chakula cha mchana tangi limekauka. Jioni anaifunga, na usiku tangi linajaa tena. Mpango wake ulikuwa kamili: watoto wangepima maji, wangechora chati, yeye angewadokeza "hebu tazameni nyuma ya bustani", wangekuta matope, wangeandika kwamba koki imechakaa, na Mwalimu Mkuu angenunua mpya. Bango la mwisho alikuwa ameshaanza kulichora chumbani.

Wapishi walilalamika. Wale wadogo wa darasa la kwanza walirudi nyumbani midomo imewakauka. Aliwaona getini, na moyo ulimsuta, akajiambia ni wiki mbili tu.

Na ilikuwa raha, tuseme ukweli. Siku za kwanza darasa la sita lilichemka. Watoto walitia alama kwenye fimbo ndefu, wakawa wanapanda ngazi kwa zamu kuitumbukiza tangini. Binti yake alikuwa ndiye mwandishi wa kundi, na mezani alizungumza na mama yake moja kwa moja, uso kwa uso. "Mama, unajua asubuhi yanashuka haraka kuliko saa nne?" Mwalimu Kamili alitikisa kichwa kwa mshangao ambao ungemfaa mcheza maigizo. Alipokutana na Mgeni kwenye korido alimuuliza kwa sauti tamu, "La tano wanaendeleaje? Nasikia wamekwama." Walikuwa wamekwama kweli. Alifurahi hadi akaona haya.

Lakini watoto wale walikuwa wameshafundishwa kutazama, na aliyewafundisha hakuwa yeye. Matope waliyapata hata kabla ya kudokezwa. Wakaomba ufunguo ofisini, mmoja akaizungusha koki. Ikafunga kabisa, hata tone. "Mwalimu, haijachakaa hii," walimwambia. Wanaoishi karibu na shule walikuja na fimbo yao Jumamosi na Jumapili, wakakuta maji hayajashuka hata alama moja. Kisha ikaja Jumatano ambayo Mwalimu Kamili alikwenda kwenye semina ya walimu, na siku hiyo wapishi waliosha vyombo hadi jioni, maji bado yapo.

"Bomba bovu haliendi mapumziko," msemaji wao, msichana mmoja mrefu, alisema Ijumaa mbele ya darasa. "Hii inafunguliwa na mtu."

"Tusikimbilie kusingizia watu," Mwalimu Kamili akasema. "Andikeni imechakaa. Ndivyo ilivyo kwa koki zote za zamani."

Hakuna aliyeandika. Alimtazama binti yake kutafuta msaada, na binti alikuwa ameinamia dawati.

Ijumaa ile mezani maneno yalikwisha. Ikarudi "ndiyo mama", ikarudi "sijui". Jumamosi hivyo, Jumapili hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mwalimu Kamili iliishia jikoni kwake mwenyewe Jumapili jioni, akiwa anafuta jiko, siku moja kabla ya darasa kuwasilisha.

"Mama," binti alisema akiwa mlangoni. "Koki unaifungua wewe."

Kitambaa kikasimama mkononi.

"Unatoka mapema tangu mradi uanze. Na Jumatano ulikuwa semina. Nimejua tangu Ijumaa. Wenzangu sijawaambia."

Mtu mwingine angekana, au angelia, au angeuliza amekosea wapi. Mwalimu Kamili alisikia mdomo wake ukiuliza, "Yeye umemwambia?"

Binti hakuuliza yeye nani. "Sijamtaja mtu. Nilimuuliza tu, ukipata jibu na jibu lenyewe litamuumiza mtu unayempenda, unafanyaje?"

"Akasemaje?"

"Akasema niende kwanza kwa huyo mtu. Nisimuumbue mbele za watu kabla sijamsikiliza."

Hapo Mwalimu Kamili alikaa kwenye kigoda. Mtoto wake alikuwa amemjia kwa hiari yake, jikoni, na swali zito kuliko yote aliyowahi kumletea, na hata hilo alikuwa ametumwa na yule mwingine. Wivu ulimpanda hadi kooni. Angeweza kumwambia, "Nyamaza, mimi ni mama yako," na mtoto angenyamaza. Alimjua, angenyamaza miaka yote iliyobaki.

"Kesho tuandike nini, mama?"

"Andikeni mlichokiona," akasema.

Kesho yake darasa lilijaa. Mwalimu Mkuu alikaa mbele na kamera yake, wapishi walisimama ukutani, na Mgeni nyuma kabisa karibu na dirisha. Binti alishika chaki. Msemaji akaeleza fimbo, Jumamosi, Jumatano na koki isiyo na kasoro. Ubaoni paliandikwa: *Chanzo: mtu.* Chini yake: *Sababu:* na nafasi tupu.

"Tumefika hapo," msemaji akasema. "Mtu mwenyewe hatujamhoji."

Mwalimu Mkuu aligeuka kwa Mwalimu Kamili, akidhani anasimama kutoa shukrani.

"Nihojini," Mwalimu Kamili akasema. "Ni mimi."

Minong'ono ikapita, mpishi mmoja akaguna. Watoto walitazamana. Halafu, kwa sababu walikuwa wamefundishwa vizuri, msemaji akauliza kama walivyomuuliza muuguzi, bila kumtia jibu mdomoni. "Mwalimu, ulikuwa unataka nini?"

Angeweza kusema alitaka kuwafundisha. Ingekubalika. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaanza kutabasamu, amsaidie kutoka. Mwalimu Kamili alimtazama Mgeni pale dirishani, akamchukia kidogo, akahamisha macho ubaoni.

"Nilitaka binti yangu anitazame kama anavyomtazama mwalimu yule," akasema. "Nilimwonea wivu. Nikawanyima watoto maji."

Binti alisimama na chaki, mgongo kwa watu, shingo imemwinama. Alipogeuka, alimtazama mama yake tu.

"Niandike hivyohivyo?"

"Andika hivyohivyo, mwanangu."