Risiva ya Kubeba Sauti ya Nne

Dada yangu alinipigia Jumapili asubuhi, nikiwa kwenye ngazi za jengo letu pale Hyattsville, Marekani, nafunga viatu vya kazi. Madaktari walikuwa wameamua. Uvimbe kwenye koo la baba haukusikia dawa, na Jumatatu ya wiki iliyofuata wangempasua na kuondoa koromeo lote, pale sauti inapotengenezwa. Mungu akipenda atapona, alisema dada, atakula, atatembea, atapalilia kahawa zake. Kuzungumza ndiyo basi. Jumamosi, kabla ya safari ya hospitali, kwaya ingefanya ibada ya shukrani kanisani kwetu, kule milimani Upareni, na baba angeimba kwa mara ya mwisho. Mwanakwaya mmoja angeirusha ibada moja kwa moja kwa simu yake.

Basi likanipita nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Kwenda nyumbani nisingeweza. Karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mwanasheria alinionya kwamba nikitoka nchi hii sirudi. Nilikuwa na siku sita, na kitu pekee nilichoweza kufanya ndani ya siku hizo ni kusikiliza. Nikaapa kwamba nitasikiliza vizuri.

Lazima niseme kuhusu sauti yenyewe. Kwetu kwaya ina sauti nne. Ya kwanza ni ya kina mama, wimbo wenyewe, hata mpita njia anaushika. Ya nne ndiyo besi, na ya nne ilikuwa baba. Nilipokuwa mdogo nilikaa kwenye benchi la kwaya, na sauti ile ilinifikia matakoni, kwenye ubao, kabla haijafika masikioni. Ulikuwepo wimbo ambao baba aliutunga mwenyewe, mama alipofariki. Sauti tatu za wimbo huo zimo kwenye daftari la kwaya. Ya nne hakuiandika kamwe, kwa kuwa aliyeiimba ni yeye, na mzee mwenzake aliyekuwa akimsaidia alishatangulia mbele ya haki. Baba alisema noti ni mifupa. Nyama lazima uifuate mdomoni mwa mtu. Kufundisha kwake kulikuwa hivyo: anafungua kinywa, anakuonyesha, unakosea, anakuonyesha tena.

Sasa sauti ya namna hiyo haipiti kwenye simu. Simu huichuja ikabaki mkwaruzo tu, kama mtu anaongea ndani ya debe. Miaka saba nilikuwa nazungumza na mkwaruzo huo na kujifanya ni baba.

Na mimi nilikuwa na spika. Mwezi mmoja nyuma, mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Annandale alipelekwa kwenye nyumba ya wazee, na binti yake akaniambia nichukue zile spika mbili za sebuleni, maana mashine ya kuziendesha ilishachukuliwa na mpwa wake na yeye hakutaka kuona chochote kilichobaki. Zilinifika kiunoni, za mbao nyekundu, nzito kama magunia ya mahindi. Mzee yule aliwahi kunisikilizisha besi ya fidla kubwa, nikahisi ubao wa sakafu unanigusa nyayo. Siku ile nilimkumbuka baba nikatoka nje kujifuta macho.

Kilichokosekana ni risiva, ile mashine inayopokea sauti ya televisheni na kuzisukuma spika. Nilikuwa na dola mia mbili. Nilidhani hilo ni jambo la saa moja.

Jumatatu nilikwenda duka la vifaa vya muziki Silver Spring. Muuzaji alikuwa mstaarabu, na ustaarabu wake ulinimaliza. Aliangalia picha ya spika, akaniuliza kama najua ni vitu gani hivi. Akaeleza kwamba spika hizi zinanyonya umeme kuliko spika za kawaida, na risiva ya bei yangu itazimika yenyewe kujilinda, hasa besi ikiingia. Nikamwonyesha boksi lililoandikwa wati mia. Akacheka kwa huruma. Baadaye nilielewa kwamba wati za kwenye boksi ni kama gunia la mkaa la barabarani: juu limejaa, chini wameshindilia majani. Risiva ya kuzifaa spika zangu ilianzia dola mia tisa.

Hapo hapo dukani simu ikaita. Alikuwa baba. Kwao ilikuwa jioni.

"Una nafasi kidogo, mwanangu? Nataka tuimbe kitu."

"Baba, niko dukani. Nakutafutia mashine ya kukusikiliza Jumamosi."

"Mashine? Kwani hunisikii?"

"Nakusikia vibaya. Nitakupigia nikitoka."

"Haya. Ukimaliza," akasema.

Sikumpigia. Nilipotoka pale niliingia duka jingine, kisha nikaenda zamu, kisha nikafungua mitandao ya wapenzi wa muziki, ambako watu wasiofahamiana wanatukanana kwa sababu ya nyaya. Kila mmoja alikuwa na jibu na kila jibu lilimbishia jirani yake. Mwenzangu wa nyumba, Mkenya anayefanya kazi ya ghala, alinikuta mezani na karatasi nilizojaza namba.

"Bro, si uvae tu earphones?" akaniuliza. "Hii stress yote ni ya nini?"

Nikamwambia asiniingilie. Nikamwambia kwamba baba yake yupo mzima, anaongea, kwa hiyo anyamaze. Aliweka chakula chake kwenye maikrowevu, na mimi sikuomba radhi. Wiki hiyo nilikuwa mtu mbaya na nilijua.

Jumanne baba alipiga nikiwa kwenye basi, nikakata, kwa kuwa nilikuwa naandikiana na mtu aliyekuwa akiuza risiva kule Virginia, na mtu huyo akaiuza kwa mwingine nikiwa njiani. Jumatano alipiga mara mbili. Nilimtumia ujumbe kwamba anirekodie sauti hilo analotaka kusema. Alijibu kwa herufi kubwa, kama anavyoandika siku zote, kwamba hawezi kumsahihisha mtu ambaye hayupo. Nikatabasamu, nikarudi kwenye namba zangu. Ndivyo nilivyofanya, na sina namna ya kulipamba.

Alhamisi nilidhani Mungu amenikumbuka. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania, mtumishi wa ubalozi mmoja, mtu wa kwetu anayerudi nyumbani baada ya muda wake kwisha, alitangaza vitu vyake. Kulikuwa na risiva kubwa, nzito, ya wale wenye kujua, dola mia na themanini. Nilibadilisha mabasi mawili. Ilikuwa ndani ya boksi lake na haikuwa na vumbi. Aliniambia aliinunua Dar na hapa hakupata muda hata wa kuifungua. Nilipoitoa nikaona plagi yake: ile ya kwetu, ya pini tatu nene za mstatili. Siwezi kueleza furaha iliyonishika. Niliishika plagi ile mkononi nikaona ukuta wa sebule ya nyumbani, swichi yake na kila kitu. Nikalipa bila kuuliza chochote. Njiani nikanunua kiunganishi cha kuibadilisha plagi, nikajiona mjanja.

Usiku ule niliunganisha kila waya. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka kwa unyonge, ikafifia, ikazimika. Nikabonyeza tena na tena. Mwenzangu ndiye aliyeigeuza na kumulika nyuma kwa simu.

"Hii ni two-thirty volts, buda," akasema taratibu. "Hapa moto ni one-ten. Hii ni ya kwenu."

Mimi, niliyekwisha kuwaonya watu wangapi wasipeleke pasi za Marekani nyumbani zikaungue, nilikuwa nimenunua mashine ya nyumbani niisikilizie Marekani. Nilipenda plagi nikasahau umeme. Transfoma ya kuipandishia umeme ingefika baada ya wiki, na bei yake ilikuwa bei ya risiva nyingine. Nilikaa sakafuni katikati ya zile spika mbili, nikalia kwa sauti. Mwenzangu alizima televisheni, akakaa na mimi.

Ijumaa mchana baba alipiga tena. Nilikuwa kwenye duka la mitumba, nimepiga magoti chini ya rafu ya redio kuukuu. Niliitazama simu ikitetemeka sakafuni. Nilijisemea kwamba nikiipokea nitalia, na muda wa kulia sina. Ikakatika. Nikatoka na risiva ndogo kwa zile dola chache nilizobakiwa nazo. Mfa maji haachi kutapatapa.

Ibada ilianza saa kumi alasiri kwao, saa tatu asubuhi kwetu. Mwenzangu alikuwa ametandika mkeka na kupika chai kama vile kuna msiba. Picha ikatokea: kanisa letu, maua ya plastiki, kwaya kwa sare za zambarau, baba wa mwisho upande wa kulia, na kitambaa shingoni. Amekonda. Sauti ya kwanza ikaanza, safi kabisa, ikajaa chumba. Ya pili ikaingia, kisha ya tatu. Baba akafungua kinywa. Nikaongeza sauti ya mashine nimfuate, na risiva ikalia "taka" ikazimika.

Niliwasha. Ikachukua sekunde nyingi kuamka, kisha "taka" nyingine. Nilizungukia nyuma, nikachomoa spika moja, nikawasha, ikazimika. Ubeti wa kwanza ulikwisha mimi nikiwa nimewapa kisogo. Wa pili nilisikia mstari mmoja. Mwenzangu alikuwa akisema, "Wacha tu, angalia mzee, angalia mzee," nami nikamfokea anishikie tochi. Hatimaye alichomoa kila kitu kwa mkono wake, na sauti ikarudi kwenye televisheni yenyewe, nyembamba. Walikuwa kwenye Amina.

Nilijifariji kwamba ibada imerekodiwa. Jumapili, baba akiwa ndani ya gari la kwenda hospitali, mwenzangu alinipa zile earphones zake za bei ghali. Nikaisikiliza ibada kutoka mwanzo. Kina mama wamo. Ya pili imo, ya tatu imo. Baba anaonekana kinywa kipo wazi, mishipa imemtoka shingoni, na hakuna kitu. Simu iliyorusha ilikuwa imewekwa mbele ya kina mama, na simu ni simu. Sauti ya nne haikuvuka kabisa. Hata kama ningekuwa na risiva ya dola elfu kumi, ingenipa kile kile.

Nilimpigia baba hapo hapo. Dada ndiye aliyepokea. Alisema wako barabarani, mtandao unakatikakatika, na daktari amemwagiza baba alipumzishe koo, asiseme tena mpaka asubuhi.

"Anakupungia mkono," akasema. "Anauliza kwa ishara, ulisikia vizuri?"

Nikasema ndiyo.

Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya wiki tatu, baba akiwa amerudi nyumbani, dada alinipigia kwa video, akamshikia simu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, bendeji shingoni na tundu dogo katikati, daftari la shule mapajani. Kisha akaandika, akainua: REDIO ILINGURUMA?

Nilishindwa kudanganya mara ya pili. Nilimweleza yote, plagi, umeme, ile "taka", spika ambazo mpaka leo tunaweka juu yake nguo zilizokunjwa. Mabega yake yalitikisika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka. Nikamwambia, "Nilipaswa kupokea simu zako, Baba." Akaacha kucheka, akaandika tena.

WIMBO WA MAMA YAKO. NILITAKA UBAKI NA YA NNE. IMBA.

Akainua mkono wa kulia, vidole vimekusanyika, kama anavyofanya kabla ya kuanzisha. Mkono ukashuka. Nikafungua kinywa na kilichotoka ni sauti ya kwanza, ya kina mama, ile ninayoijua. Akageuza kiganja chini, akasukuma hewa: shuka. Nikashuka kidogo. Shuka. Hapakuwa na mahali pa kushukia.

"Baba, siijui," nikamwambia.

Akafungua ukurasa mpya, akaandika noti za do-re-mi, herufi moja moja, dada akasogeza simu nizione. Nikaziimba jinsi zilivyokuwa. Akatikisa kichwa. Nikarudia, akatikisa kichwa, akagonga daftari kwa kalamu pale ninapokosea, nami sikujua nakosea nini. Ndipo akasogea karibu na simu, akavuta pumzi, akafungua kinywa anionyeshe, kama alivyowaonyesha watu wote maisha yake yote. Ilitoka hewa tu, kwenye lile tundu la shingoni. Akafunga kinywa. Alilitazama daftari kidogo, kisha akainua mkono nianze tena.