Vioo Kumi na Viwili

Basi lilinishusha mbele ya hospitali nisiyoijua, begi begani, nikaulizia maabara mara tatu kabla ya kufika. Shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa ametolewa uvimbe wa thaimasi, ile tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Wiki ya nne sasa hakuwa ameambiwa kama kisu kimetosha au bado dawa kali zinamngoja.

"Kumbe ndiye wewe shemeji mtu," alisema fundi wa maabara. Wenzake humwita Mama Vioo: miaka ishirini na sita anakata nyama za wagonjwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anazilaza juu ya vioo, madaktari wanazisoma kwa hadubini. "Keti. Ila usiguse kitu."

"Mbona jibu halitoki, mama?"

"Madaktari hawajapatana. Mmoja anasema uvimbe mpole, mwenzake anasema mkorofi. Na wote wamesoma vioo vyangu!" Akacheka kidogo. "Uvimbe wa tezi hii ni nyumba ya wapangaji, mwanangu. Ukibisha mlango mmoja, usiseme umewajua wote."

Kosa lilikuwa lake, na hakuzunguka mbuyu. Siku ile kazi ilimzidi, akakata vipande vitatu tu, vyote vya upande mmoja. Kilichomwokoa ni tabia ambayo bosi wake huiita uchoyo: hamwagi masalio ya uvimbe mpaka madaktari wakubaliane. Kopo la shemeji lilikuwa bado kabatini, nyuma kabisa. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza vipande tisa vipya, vya pande zote.

Aliniachia hadubini. Kioo cha kwanza kilikuwa zambarau, seli zimebanana. Cha pili waridi, zimeachana.

"Huyu ni mtu mmoja?"

"Huyo huyo. Umeona wanachogombania?"

"Kwa hiyo ni mpole au mkorofi?"

"Mimi mkataji, si msomaji. Nikikujibu nitakudanganya."

Bingwa wa tezi hizo, ambaye angekata shauri, yuko mji mwingine, mwendo wa saa tano. Posta iliwahi kumvunjia Mama Vioo vioo vingine, kwa hiyo hivi kumi na viwili anavipeleka mwenyewe. Alivifunga kwenye taulo, akavua koti jeupe, akaondoka.

Nilimkuta shemeji wodini, karibu na dirisha.

"Amesemaje?"

"Kwamba una wapangaji."

Alicheka, mkono juu ya mshono. Chini uani Mama Vioo alikuwa anakwepa madimbwi, mkoba kaukumbatia. Nikavuta kiti, nikakaa.