Kichuguu Tulichokiita Kama Mvua

Shule zikifungwa, nyumba yangu hapa Busia hujaa watoto wa ndugu zangu, na hakuna wanachokitaka kama kupika. Safari hii nikawaambia ngojeni, nitawapeleka Merikit nilikozaliwa, mkaone chakula kinachotoka ardhini kwa kuitwa. Njia nzima waliniuliza kinaitwaje, nikawanyima jibu. Tulipofika, nyuma ya boma la marehemu baba hapakuwa na kichuguu. Palikuwa na shimo, na kando yake tanuri la matofali bado likifuka moshi. Hasira iliyonipanda pale sijaimaliza hadi leo.

Ndugu yangu, kama hukukulia pande hizi, jua kwamba kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama shamba lilivyo na mwenyewe. Hurithiwa. Chetu kilikuwa kirefu kuliko mlango wa nyumba, na baba alipofariki mama ndiye aliyekitunza. Siku zisizo za shule alitukabidhi jiko zima, sisi wanne, kisha akaenda kukaa mkekani. "Leo mimi ni mgeni," alisema. "Wenye nyumba, nitalala njaa?" Ukimpelekea chakula chenye mchanga alikirudisha kwa adabu za mgeni wa mbali, nasi tukacheka mpaka tukasahau moto.

Utamu wa utamu ulikuja majira ya mvua, jua likichomoza baada ya manyunyu ya asubuhi. Tulikipaka kichuguu udongo mbichi, tukaacha tundu moja, na mbele yake tukachimba shimo dogo na kulitandika jani la mgomba. Kisha tukagonga ubao mkavu kwa vijiti, polepole, halafu upesi, kama matone yanavyoanza juu ya bati. Kumbikumbi walioko ndani husikia mvua, nao hutoka. Dada yetu kitinda mimba ndiye aliyekuwa na mikono ya kuwadanganya. Akigonga yeye, hata mimi nilitazama juu nione wingu.

Kukaanga ilikuwa kazi yangu. Chungu kikavu, moto mdogo, chumvi kidogo, na mafuta yao wenyewe yanatoka yakichirizika. "Ukimwekea kumbikumbi mafuta ya dukani, umemtukana," mama alisema. Baadaye tuliwapeta kwenye ungo, mabawa yakapeperuka uani, tukala na ugali wa wimbi. Siku moja jirani, mama mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, alinikuta nimeinama mafigani. "Mama watoto, kijana huyu utamwoza mke au ataolewa yeye?" Mama hata hakuinuka mkekani. "Njaa haiulizi nani kavaa suruali."

Nilikuwa darasa la sita mama alipotutoka. Baada ya maziko ukoo ulikaa uani kutugawa. Baba mdogo ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Ndugu yangu anayenifuata aende kwa shangazi, wa tatu abaki kwake akachunge ng'ombe, kitinda mimba apelekwe Rubongi akalee mtoto wa watu. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto! Nikasema tutabaki pamoja. Baba mdogo akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Nani atawapikia? Wewe ni mke wa nani?" Watu wakacheka. Matanga yenyewe hayajaanuliwa, nao wanacheka.

Asubuhi ile ilikuwa imenyesha na jua limetoka. Niliwaita wadogo zangu, tukaenda kichuguuni, kitinda mimba akagonga huku kamasi na machozi vikimtiririka, na kumbikumbi wakatoka kama kawaida yao. Nilikaanga, nikasonga ugali, nikanawisha wazee mikono, nikawaandalia. Bibi, mama mzaa baba, alikula akamaliza, akasukuma sahani. "Jiko hili lina mtu. Watoto hawa hawaendi popote."

Nilidhani nimeshinda. Baba mdogo alilamba vidole vyote vitano, kisha akasema sawa, watoto wabaki, lakini kichuguu kilikuwa cha babake, na hakiwezi kuachiwa mtoto. Wazee walikuwa wameshiba. Waliitikia. Walikula kumbikumbi wa kichuguu chetu, na kabla hawajanawa wakatunyang'anya kichuguu.

Sikurudi shuleni. Nililima mashamba ya watu, nikapika kila jioni, na wote watatu wamekua mikononi mwangu. Sijutii hilo hata kidogo. Lakini kila majira ya mvua tuliwasikia wana wa baba mdogo wakigonga ovyo, kama watu wanaobisha mlango, na harufu ya kukaanga ikatufikia tukiwa tumezunguka mboga za kunde. Kitinda mimba alikuwa akiacha kutafuna. Nikamwambia kula. Ningesema nini kingine?

Sasa baba mdogo ni mzee wa fimbo. Alitoka akatukuta tumesimama penye shimo. "Eh, mpishi! Umeleta jeshi?"

"Baba mdogo, kichuguu kiko wapi?"

Akaelekeza fimbo kwenye tanuri. "Si hicho? Udongo wake mzuri, tofali halipasuki. Kumbikumbi siku hizi si wako sokoni? Ingieni mnywe chai."

Tulifundishwa kwamba chai ya mzee haikataliwi. Niliikataa, mbele ya watoto, na ningeikataa tena leo.

Tulinunua kumbikumbi soko la Nagongera, tukarudi nao Busia, njiani nikiwasimulia tulivyokuwa tukiwaita kwa vijiti. Binti wa kitinda mimba alikimbilia chupa ya mafuta, nikampa maneno ya bibi yake, mama yetu, akairudisha. Nikatandika mkeka, nikawa mgeni, nikawarudishia sahani ya kwanza, wakacheka kama tulivyocheka sisi. Walipika vizuri.

Halafu yule binti akachukua vijiti viwili vya kuni akaanza kugonga sakafu ya saruji, upesi upesi. Ana mikono ya mamake. Akaniuliza kama anagonga sawasawa. Nikamwambia ndiyo, sawasawa kabisa, naye akaendelea kugonga, akiinama kuitazama saruji. Kukaanga nimemfundisha. Pa kumfundishia kuita pamechomwa matofali, na aliyepachoma bado ananidai heshima.