Mstari Mwekundu wa Kiongoroni

Nichekeni tu, maana Kibiti nzima imeshanicheka. Mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta wa ushirika wetu wa wauza kamba wa baharini. Juma lililopita niliweka programu ya kuchambua mauzo kwenye seva ya kukodi huko mtandaoni. Ilipofunguka na michoro ya rangi, nikajua takwimu zetu zimeshaingia. Sikuhakiki chochote.

Kesho yake wanachama walikutana kuamua jokofu jipya liende kituo chetu cha Salale au cha Kiongoroni. Nikamulika mchoro ukutani. Mstari wa buluu ulikuwa umepanda, mwekundu umeporomoka. Wa buluu nikauita Salale, mwekundu Kiongoroni, kwa kukisia tu.

"Kiongoroni mmelala," nikasema. "Jokofu liende Salale."

Bi Mwajuma, anayekusanya kamba Kiongoroni, akasimama. "Mwanangu, mbona boti zetu zinakuja zimejaa pomoni?"

"Shangazi, kompyuta haina upendeleo."

"Basi bonyeza huo mstari wetu, tuone ndani mna nini."

Nikabonyeza kwa madaha. Yakatokea maandishi ya Kiingereza. Katibu wetu, mwalimu mstaafu, akavaa miwani na kututafsiria polepole: "Buti za kuvaa kwenye theluji."

Kumbe zilikuwa takwimu za mfano, za duka la kubuni, zinazokuja na programu yenyewe. Zetu haikuwa imeingia hata moja.

Bi Mwajuma akawageukia wenzake, uso mkavu. "Hapo kijana kasema kweli. Hizo Kiongoroni hatujauza hata jozi moja."