Fundi Aliyebana Dawa

Baba yangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Mabaki. Ukimpelekea kitambaa cha mita tatu, atakilaza hivi, atakigeuza vile, na siku ya kuchukua gauni atakukabidhi pia kipande kilichobaki, kimekunjwa vizuri. "Akiba haiozi," atakwambia. Msimsingizie mkono wa birika. Kipande ni chako, hachukui hata uzi. Yeye hufurahi tu kwamba kimebaki.

Nayasema haya kwanza kwa sababu nina hasira naye, na ukimsimulia mtu kwa hasira ni rahisi kumdhulumu.

Mama aliugua saratani ya titi, ikafika kwenye mifupa. Hospitali walitwambia kupona hakupo, lakini maumivu yanatulizika. Muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani, tuliyemwita Sista, akatuletea mofini ya maji katika chupa ya plastiki ya nusu lita, pamoja na bomba dogo la kupimia. Akaeleza polepole: mililita tano kila baada ya saa nne, na kumi wakati wa kulala, hata kama mgonjwa anasema hajambo.

"Msingoje maumivu yaje," alisema. "Yatangulieni."

Chupa ingetosha wiki mbili, kisha angeleta nyingine. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Kupima, akasema, ni kazi yake. Nani mwingine nyumbani mle anajua kupima? Mimi nafundisha shule, nashinda kazini, kwa hiyo nilishukuru.

Wiki mbili zile Mama hakulala. Ukimwuliza, "Sijambo, mwanangu, ni mgongo tu." Nilipofua foronya nikaona alama za meno. Nikadhani ugonjwa umeishinda dawa, nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Sista aliporudi, aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

"Mzee, hii ilitakiwa iwe imeisha jana."

Baba akatabasamu. Ni tabasamu lile lile analowapa wateja pamoja na vipande vyao. "Nimebana, Sista. Nampa mbili na nusu, na akisema hajambo, naruka. Nimemwekea akiba. Siku maumivu makali yakija, yatukute tuna dawa."

Tulidhani Mama amesinzia. Akasema kutoka kitandani, bila kufumbua macho, "Baba watoto, yalishakuja."

Sista hakumgombeza. Alimweleza tu kwamba dawa ile haiwekwi akiba, kwamba maumivu yakipanda kipimo nacho kinapandishwa, na chupa nyingine zipo. Baba akaitikia kila neno, "Ndiyo, Sista, ndiyo," kisha akachukua bomba. Akavuta mililita tano kamili, akamnywesha mkewe.

Baada ya nusu saa mabega ya Mama yalishuka. Akalala mdomo wazi, akakoroma. Jioni aliamka akataka chai, akamtazama Baba. "Kumbe fundi unakijua kipimo changu!" Tukacheka sote, isipokuwa Baba, aliyetoka nje.

Nikamwinamia Mama. "Kwa nini hukusema?"

"Alikuwa akinipa kwa furaha, mwanangu. Ningemwambiaje?"

Tangu hapo Baba alihamishia cherehani chumbani kwa Mama na kutundika saa ya ukutani juu yake. Hakukosea tena hata dakika tano. Mama akapata siku kumi na moja za kula kidogo, kututania na kulala. Ya kumi na mbili, asubuhi, akafariki akiwa ametulia, mkono wake ndani ya mkono wa Baba.

Tulipomaliza kuzika nilishindwa kujizuia. "Wiki mbili, Baba! Wiki mbili anauma mto, na dawa ipo kabatini!"

"Siku kumi na nne," alinijibu. "Nazijua." Akarudi kwenye cherehani.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi wa kwetu amehamia kabisa, anakula na kulala nasi.

Juzi nilimfuata kwenye cherehani, nikiwa na maneno mengine makali ya kumwambia. Nikamkuta na mteja mmoja, mama wa makamo, amevaa gauni jipya linalompwaya, mikono inafunika vidole.

"Mabaki, ndiyo nini hii? Na kipande changu kiko wapi?"

Baba akapiga magoti, akageuza pindo la gauni amwonyeshe ndani. Lilikuwa limekunjwa mara tatu, nene kama mkeka.

"Hakijapotea, mama. Nimekitumia chote. Sikubakiza."

Yule mama akanitazama, nami nikatazama chini. Alipokwisha kulivua na kuondoka, niliketi kando ya Baba, nikachukua wembe, tukaanza kulifumua.