Hodi ya Nne

Mwaka ule wa 2013 Bi Time alirudi kutoka hospitali upande wake wa kushoto umelegea. Hata siku mbili hazijapita nyumbani, akaanza kuitikia hodi ambayo hakuna aliyeipiga.

"Karibu!" alisema, macho yake kwenye mlango wa mbele. "Karibu, baba. Ingia. Mbona wasimama nje?"

Mkwewe, Zuleikha, alikuwa akimkorogea uji. Bi Time alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita baba: mwanawe Khalfan, aliyepewa jina la babu yake. Khalfan alikuwa mume wa Zuleikha, na mwaka wa pili sasa yumo kaburini.

Nyumba hii ya Al Sadd, mtaa wa Doha huko Qatar, haikuwa nyumba ya kusemwa. Zuleikha alisomesha jiografia, na kila Mzanzibari wa Doha alimjua marehemu kuwa mtu wa heshima zake. Lakini daktari alikuwa ameonya: mgonjwa asiachwe peke yake, akianguka tena hatainuka. Ilibidi apatikane mtu wa kushinda naye Zuleikha akiwa shuleni.

Shemeji yake Rashidi, aliyekuwa dereva, alimletea Proscovia, Mganda wa Busia aliyekwisha kuwalea wazee wawili. Proscovia alipiga goti, akasalimu, akamfanya bibi acheke kwa mara ya kwanza tangu augue. Zuleikha alimuuliza Ijumaa, siku ya mapumziko, huwa wapi.

"Mesaimeer, dada. Kanisani."

Zuleikha aliuona akilini uwanja ule wa makanisa, Wakenya na Waganda wamejaa, na neno likitoka hapo kuingia mahotelini, kwenye magari, hadi Unguja: mama yake Khalfan anazungumza na maiti. Akamshukuru Proscovia kwa adabu na kumsindikiza mpaka kwenye lifti.

"Shemeji," Rashidi alisema, "unamtafutia mama mtu wa kumlea au mtu asiyesikia?"

"Namtafutia mtu mwenye staha."

"Haya. Staha ya kiziwi."

Zuleikha alimchukua Nirmala, mwanamke wa Sri Lanka, mpole, msafi, asiyejua Kiswahili hata neno moja. Na kwa muda mambo yalinyooka. Bi Time aliogeshwa, akageuzwa, akalishwa kwa wakati. Aliita "karibu" zake, na hakuna aliyezielewa ila Zuleikha, ambaye hakuuliza kitu.

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Mtu hupiga hodi tatu, na asipoitikiwa huenda zake. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote katika nyumba ile. Alasiri moja alimsikia Bi Time akinong'ona, "Hiyo ya nne, baba. Ya nne sasa. Kwani huondoki?"

Wiki iliyofuata, mwezi wa sita, joto la kuchoma nyayo, Zuleikha alitoka kazini akakuta mlango wa nyumba wazi kabisa. Bi Time alikuwa mwisho wa ukumbi, miguu mitupu, penye ngazi za dharura. Nirmala alikuwa amemshika kwapani kwa uangalifu mkubwa, anamsaidia kushuka kidato cha kwanza.

"Nirmala! Unampeleka wapi?"

"Madamu, nimefungua tu," Nirmala alijibu kwa Kiingereza, akishangaa. "Kila siku bibi anaonyesha mlango, anasema karibu, karibu. Nikajua maana yake ni fungua. Leo nimefungua, amefurahi sana. Ameinuka mwenyewe."

"Ameinuka mwenyewe?"

"Ndiyo, madamu. Kama mtu aliyeshikwa mkono."

Mkono wa kushoto wa Bi Time, ule uliolegea, ulikuwa umenyooshwa mbele, vidole vimekunjika kana kwamba vimeshika kitu. Zuleikha aliukamata. Ulikuwa wa baridi, katika joto lile. Akauvuta, na ukachukua muda kuachia.

"Niache, mwanangu," Bi Time alisema kwa upole. "Amechoka kungoja. Mwenye nyumba hamjibu."

Walimrudisha kitandani, wakafunga kila komeo. Zuleikha alisimama nyuma ya mlango na mtandio wake mdomoni, na hapo, kwa mara ya kwanza, akaisikia mwenyewe. Hodi ya taratibu, na kikohozi kidogo kikiifuata, kikohozi alicholala nacho miaka kumi na tisa.

Hakujibu. Alichukua simu akampigia Proscovia.

"Nilikukataa kwa sababu ya watu," alisema. "Sasa nisikilize kabla hujakubali. Bimkubwa anaitikia hodi ya marehemu mume wangu. Nahitaji mtu anayeelewa anachosema, amzuie. Ukienda kusimulia, simulia."

Proscovia aliuliza kwanza jambo moja.

"Na wewe dada, unaisikia?"

Zuleikha hakuwahi kumwambia mtu jambo la nyumba yake. Akautazama mlango.

"Naisikia."

"Yesu wangu!" Proscovia alivuta pumzi. "Mimi naogopa, nisikudanganye. Nitakuja na Biblia yangu."

"Njoo nayo. Mimi nina msahafu wangu."

"Na akibisha mimi nikiwa huko, nimwambie nini?"

Chumbani Bi Time alikuwa amekwisha kuanza tena, kwa furaha ile ile: karibu, karibu.

"Usimwambie kitu," Zuleikha alisema. "Mshike bibi."